Buffalo Bill: skauti aliyekwenda vitani na nguo za jukwaani

Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1876, kando ya kijito cha Warbonnet huko Nebraska, mwanamume wa miaka 30 alipanda farasi akiwa amevaa suti nyeusi ya mahameli. Suti ilitiwa nakshi nyekundu na lesi, na vifungo vyake vilikuwa vya fedha. Ungemwona ungedhani anakwenda kuoa. Lakini alikuwa pamoja na askari wa Kikosi cha 5 cha wapanda farasi wa Marekani, watu waliochakaa kwa vumbi baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 130 kwa saa 31, na mbele yao walikuwa wapiganaji wa Wacheyenne, moja ya makabila ya Wenyeji wa asili wa Marekani. Suti ile ilikuwa vazi lake la maigizo.

Jina lake William Frederick Cody. Dunia ilimjua kwa jina la Buffalo Bill.

Tangu enzi zake hadi leo watu wamegawanyika makundi mawili juu yake. Wapo wanaosema alikuwa shujaa wa kweli wa nyika za Marekani, na wapo wanaosema alikuwa mzushi aliyepakwa poda usoni. Mimi naona swali lenyewe ndilo linalotupoteza njia. Tumezoea kufikiri kwamba mtu kwanza huishi, halafu ndipo husimulia. Cody hakufuata mpangilio huo. Kati ya mwaka 1872 na 1876 aligawa mwaka wake mara mbili: wakati wa baridi alikuwa mwigizaji mijini, wakati wa joto alirudi nyikani, kuongoza jeshi au kupeleka matajiri kuwinda. Alichokifanya nyikani kilikwenda jukwaani, na taratibu cha jukwaani nacho kikaanza kwenda nyikani. Siku ya suti ya mahameli ndipo mambo hayo mawili yalipokutana hadharani.

Kabla ya kufika huko kuna maneno mawili ya kunyoosha.

La kwanza ni skauti. Kwetu skauti ni kijana mwenye kaptura na skafu shingoni, urithi wa yule Mwingereza Baden-Powell aliyezikwa Nyeri. Skauti wa Marekani wa miaka ya 1860 na 1870 alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa raia aliyeajiriwa na jeshi kwa sababu aliijua nchi ambayo maofisa hawakuijua. Alisoma nyayo, akajua farasi wangapi wamepita na kama wamebeba watu au mizigo tu. Alijua maji yako wapi. Alibeba barua za jeshi usiku, peke yake, katika nchi ambayo kila aliyekutana naye angeweza kuwa adui. Wazee wa misafara ya bara walikuwa na mtu wa kutangulia mbele, wakimwita kirangozi. Mweke kirangozi huyo juu ya farasi, mpe bunduki, muajiri kwa mwezi, umekaribia. Shika hilo la kuwa raia, kwa sababu litamgharimu Cody baadaye.

La pili ni hilo "buffalo". Ukilitafsiri moja kwa moja unapata nyati, na msomaji wa Tanzania au Kenya anamwona mbogo yule mweusi wa porini anayetazama kama anakudai. Siye. Walowezi wa Marekani walimpa jina hilo baisani, mnyama mkubwa wa manyoya mazito, mwenye nundu mabegani na kichwa kilichoinama. Nitamwita nyati kwa urahisi, ila usimchanganye na wetu.

Sasa turudi mwanzo. Cody alizaliwa tarehe 26 Februari 1846 karibu na Le Claire, Iowa. Mwaka 1854 familia ilihamia Kansas, wakati mbaya wa kuhamia Kansas, maana watu walikuwa wakiuana kwa sababu ya utumwa. Mwaka huohuo baba yake, Isaac, alisimama mbele ya umati nje ya duka moja akasema hataki utumwa uingie katika nchi ile. Akachomwa kisu palepale. Hakupata tena afya nzuri, na mwaka 1857 akafariki. Mtoto wa miaka 11 akatoka kutafuta riziki, akaajiriwa na kampuni ya usafirishaji ya Russell, Majors na Waddell kubeba ujumbe.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha, Aprili 1860, ile posta maarufu ya farasi, Pony Express. Vijana walikimbiza barua kwa kupokezana farasi kati ya Missouri na California. Cody alisema maisha yake yote kwamba alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka 14, na kwamba siku moja alipanda maili 322 bila kupumzika kwa sababu mwenzake wa kupokezana naye alikuwa ameuawa. Watafiti waliopekua wanasema hakuna ushahidi, na dalili nyingi zinaonyesha kwamba wakati ule alikuwa kwao, akienda shule.

Hapa kuna jambo la kuchekesha. Posta ile haikudumu hata miaka miwili. Ilifungwa Oktoba 1861, simu ya waya, yaani telegrafu, ilipofika, na ilikuwa biashara ya hasara. Kwa haki ingesahauliwa. Iliponea kwenye onyesho la Cody, ambako kwa miaka zaidi ya 30 kila siku kijana aliingia uwanjani mbio, akaruka kutoka farasi mmoja hadi mwingine na mfuko wa barua. Mtu ambaye pengine hakuipanda ndiye aliyeifanya ikumbukwe.

Yapo ya kweli yanayosikika kama uongo. Mwaka 1868 alibeba barua za jeshi kati ya ngome za Kansas, nyingine baada ya wabeba barua kadhaa kuuawa njiani. Jenerali Philip Sheridan aliandika mwenyewe kwamba Cody alikwenda maili 350, yaani zaidi ya kilomita 560, kwa muda usiofika saa 60. Sheridan hakuwa mtu wa kusifia ovyo. Akamfanya mkuu wa maskauti wa Kikosi cha 5.

Jina lenyewe la Buffalo Bill alilipata jikoni, kwa maana ya kulisha watu. Mwaka 1867 na 1868 reli ya Kansas Pacific ilikuwa inajengwa kuelekea magharibi, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja walihitaji nyama. Cody alilipwa dola 500 kwa mwezi, fedha nyingi mno wakati ule, ili alete nyati 12 kila siku. Alikuwa na farasi aitwaye Brigham na bunduki aliyoipa jina la Lucretia Borgia, yule mwanamke wa Italia anayesifika kwa sumu. Ufundi wake haukuwa wa shabaha peke yake. Wawindaji wengi walilifukuza kundi kutoka nyuma, mizoga ikatapakaa kilomita nyingi, na gari la nyama likahangaika kuifuata. Cody alikimbia hadi mbele, akawapiga wanaoongoza, wale wengine wakaanza kujikunja na kuzunguka duara. Mwishowe nyama yote ililala mahali pamoja, na wachinjaji wakafanya kazi yao bila kukimbizana na mizoga. Alidai ameua 4,280 kwa miezi 18. Hesabu ni yake, na kazi hiyo inaonekana haikufika hata mwaka mmoja.

Nyati wa Marekani walikuwa makumi ya mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki elfu moja hivi. Si Cody aliyewamaliza, wala wafanyakazi wa reli. Waliomaliza ni wachuna ngozi wa miaka ya 1870, waliouza ngozi mashariki na kuacha nyama ioze. Lakini Wenyeji wa nyika waliomtegemea mnyama yule kwa chakula, hema na mavazi hawakuwa na haja ya kutofautisha mwindaji na mwindaji.

Julai 1869 akatokea Ned Buntline. Jina lake halisi ni Edward Judson, mwandishi wa hadithi za bei poa aliyesafiri akihubiri watu waache pombe huku mwenyewe akiipenda. Alikutana na Cody huko Nebraska, wakazungumza siku chache. Desemba mwaka huo gazeti la New York Weekly likaanza kuchapisha mfululizo wa Buntline kuhusu Buffalo Bill, mfalme wa watu wa mpakani. Karibu kila kitu ndani yake kilikuwa cha kubuni, isipokuwa jina.

Miaka miwili na ushee ikapita. Mapema mwaka 1872 Cody akaalikwa New York na matajiri aliowahi kuwapeleka kuwinda. Jioni moja akaenda ukumbi wa Bowery kutazama mchezo uliotokana na hadithi ile. Fikiria hali yake: ameketi kwenye kiti, na pale mbele mwigizaji anatembea, anapiga bastola, anaokoa wasichana, na jina lake ni Buffalo Bill. Watazamaji walipojua kwamba mwenyewe yumo ukumbini, wakapiga kelele hadi akapandishwa jukwaani. Alinong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Meneja akamwahidi dola 500 kwa wiki ajiigize mwenyewe. Akakataa, akarudi nyikani.

Mshahara wa mwezi mzima wa kuua nyati, kwa wiki moja ya kusimama mbele ya watu. Desemba akakubali.

Mchezo wa kwanza ulifanyika Chicago, Desemba 1872, akiwa na skauti mwenzake John Omohundro, maarufu kama Texas Jack. Buntline alikuwa amewategemea waje na Wenyeji halisi. Wakaja wawili tu, mikono mitupu. Buntline akakodi watu wa mjini, akawapaka rangi. Inasimuliwa kwamba aliandika mchezo mzima kwa saa nne, na mhakiki mmoja akauliza alikuwa akifanya nini muda wote huo. Cody mwenyewe alieleza baadaye kwamba pazia lilipofunguka alisahau kila kitu. Buntline, aliyekuwa naye jukwaani, akamwuliza kama mtu anayesalimia tu: umetoka wapi Bill, siku zote hizi? Cody akamwona kati ya watazamaji tajiri wa Chicago aliyewahi kuwinda naye, akasema: nimetoka kuwinda na yule bwana pale. Ukumbi ukaangua kicheko. Akaendelea kusimulia safari ile kama yuko kando ya moto wa kambi, na maneno ya mchezo hayakurudi tena.

Nadhani siri ya kazi yake yote imo katika dakika hiyo. Watu hawakulipa kuona uigizaji mzuri; waigizaji wazuri walikuwa tele. Walilipa kumwona mtu ambaye kweli alitoka huko. Kadiri alivyoigiza vibaya, ndivyo walivyozidi kumwamini. Rafiki yake Wild Bill Hickok, aliyeungana nao msimu wa 1873, hakuelewa hilo. Aliona aibu, akachoka, akawa anawapiga baruti karibu na miguu waliocheza Wenyeji mpaka wanaruka kwa maumivu badala ya kufa kama walivyoagizwa. Hakumaliza msimu.

Mwaka 1872 huohuo Cody alipewa Nishani ya Heshima kwa mapigano ya Aprili huko Nebraska. Jeshi lilipopitia upya orodha mwaka 1917 likamfuta, si kwa kuwa hakupigana, bali kwa sababu skauti alikuwa raia na nishani ni ya wanajeshi. Ilirudishwa mwaka 1989. Cheo cha kanali alichokitumia kilikuwa cha heshima, alipewa na gavana wa Nebraska mwaka 1887, wakati mzuri kabisa, maana alikuwa anakwenda kumwona Malkia wa Uingereza.

Tumefika tena Warbonnet. Aprili 1876, akiwa katikati ya maonyesho, alipokea simu ya waya kwamba mwanawe wa pekee wa kiume, Kit Carson, mwenye miaka mitano, anaumwa homa nyekundu. Alifika nyumbani Rochester na mtoto akafariki muda mfupi baadaye. Mwanzoni mwa Juni alifunga msimu mapema na kwenda vitani. Tarehe 25 Juni Walakota, Wacheyenne na Waarapaho walimwua kamanda wa jeshi la Marekani, George Armstrong Custer, na askari zaidi ya 200 kwenye mto Little Bighorn. Nchi nzima ilikuwa inataka kisasi.

Kikosi cha 5 kilikuwa kinajaribu kuwazuia mamia ya Wacheyenne waliotoka kituo cha serikali cha Red Cloud wasiende kuungana na wenzao kaskazini. Asubuhi ile askari wawili wenye barua walionekana wakija kwa mbali, na wapiganaji wachache wakateremka kuwakata. Cody na wenzake wachache wakatoka kuwaokoa. Akakutana ana kwa ana na kijana wa Kicheyenne. Wakapigiana risasi. Farasi wa kijana akaanguka. Farasi wa Cody akajikwaa katika shimo la panya wa nyikani. Cody akainuka, akalenga, akampiga. Ilikwisha kwa muda mfupi kuliko ninavyosimulia. Halafu akatoa kisu akachuna ngozi ya kichwa cha marehemu pamoja na nywele, akaiinua juu na kusema ni ya kwanza kwa ajili ya Custer. Wacheyenne wakarudi kituoni. Aliyekufa siku hiyo alikuwa mmoja tu.

Aliitwa Hay-o-wei, yaani Nywele za Njano. Mkalimani akakosea, likawa Mkono wa Njano, na kwa jina hilo la makosa akauawa tena maelfu ya mara. Ndani ya miezi michache Cody alikuwa jukwaani na mchezo mpya kuhusu tukio lile, amevaa mahameli ileile. Ngozi na taji la manyoya viliwekwa kwenye dirisha la vioo ili wapita njia wavione, hadi wachungaji na magazeti ya baadhi ya miji ya mashariki wakapiga kelele. Mkwaruzano wa ghafla ukageuka pambano lililopangwa: chifu anatoka mbele ya jeshi lake, anamwita Cody kwa jina, wanapigana wawili peke yao na majeshi mawili yakitazama. Wapo askari waliodai kwamba aliyeua ni mwingine. Wengi wa waliochunguza wanakubali kwamba ni Cody. Basi tendo ni la kweli, pambano ni la uongo, na nguo zilizovaliwa kwa ajili ya uongo zilivaliwa kabla tendo halijatokea. Kama mtu anaweza kulipanga hilo katika mafungu mawili, la kweli huku na la kuigiza kule, mimi nimeshindwa.

Miaka saba baadaye alianza kutoka kumbini. Mei 1883, huko Omaha, alifungua onyesho la uwanjani aliloliita Wild West, na hakupenda kabisa liitwe onyesho. Kulikuwa na farasi na nyati hai, wachunga ng'ombe wa Texas, gari la abiria la Deadwood likishambuliwa na kuokolewa, kibanda cha mlowezi kikizingirwa. Mwaka 1885 akajiunga Annie Oakley, mwanamke mdogo wa umbo ambaye shabaha yake haikuhitaji chumvi ya mtu. Mwaka 1887 meli iliwavusha bahari hadi London, Wenyeji 97 na nyati 18 miongoni mwao, na Malkia Victoria, ambaye kwa miaka mingi ya ujane hakuonekana mara nyingi kwenye burudani, akaenda kutazama. Inasimuliwa pia kwamba wafalme wanne wa Ulaya walipanda pamoja gari la Deadwood likizungushwa uwanjani, mmoja wao Leopold wa Ubelgiji. Msomaji wa Lubumbashi au Kisangani atakumbuka kwamba miaka hiyohiyo Leopold alikuwa amejitwalia Kongo kama shamba lake binafsi. Huko nyika ilikuwa inaigizwa. Kwake haikuwa maigizo.

Kuna jambo katika Wild West ambalo wengi hulipita haraka, nami nataka kulikalia. Wenyeji waliocheza mle hawakuwa watu waliopakwa rangi. Walikuwa Walakota wengi wao, kutoka maeneo waliyotengewa na serikali, ambako ngoma zao zilikatazwa, safari zao zilihitaji kibali, na watoto wao walipelekwa shule za bweni kunyolewa nywele. Uwanjani walilipwa mshahara kwa kucheza ngoma zilezile, kupanda farasi na kuvaa manyoya. Maofisa wa serikali walilichukia onyesho kwa sababu hiyo hasa: liliwakumbusha watu yale ambayo serikali ilitaka wayasahau. Kila siku walikubali kushindwa mbele ya watazamaji, kisha jioni wakala chakula kizuri na kutuma fedha nyumbani. Black Elk, aliyekuja kuwa mzee maarufu wa Walakota, aliachwa nyuma na msafara huko Manchester, akahangaika Ulaya hadi alipokutana tena na Cody Paris mwaka 1889 na kulipiwa nauli ya kurudi kwao. Cody mwenyewe alisema hadharani kwamba chanzo cha machafuko ya Wenyeji ni ahadi zilizovunjwa na serikali. Alisema hivyo, na kesho yake alikwenda kuokoa kibanda cha mlowezi saa tisa alasiri.

Sitting Bull, kiongozi wa Walakota ambaye jina lake lilihusishwa na kifo cha Custer, alisafiri na Wild West miezi minne mwaka 1885. Mkataba wake ulisema dola 50 kwa wiki, na haki ya kuuza picha na saini zake ni yake peke yake. Huyo ni mtu aliyejua thamani ya jina lake. Miji mingine walimzomea. Huko Montreal walipiga picha ya studio: Sitting Bull na Cody wamesimama, mikono yote miwili juu ya bunduki moja, Cody akitazama mbali kama anaona adui kwenye ukuta, Sitting Bull akitazama mbele tu. Picha iliuzwa kwa maneno ya kwamba maadui wa mwaka 1876 ni marafiki wa mwaka 1885. Mmoja anaigiza katika picha ile. Mwingine anasubiri imalizike.

Mwaka 1890 ngoma ya mizimu, ibada ya kuomba wazungu watoweke, ilipoenea miongoni mwa Walakota, na serikali ikaingiwa na hofu, Jenerali Nelson Miles alimtuma Cody akazungumze na Sitting Bull. Wakala wa serikali wa huko alipinga, simu za waya zikapigwa hadi Washington, Cody akarudishwa kabla hajafika. Tarehe 15 Desemba polisi wa Kilakota walikwenda kumkamata Sitting Bull, wakamwua mlangoni kwake. Tarehe 29 Desemba, huko Wounded Knee, jeshi liliwaua Walakota zaidi ya 150, wengi wao wanawake na watoto. Wafungwa kadhaa wa vurugu zile, Kicking Bear na Short Bull wakiwemo, waliachiwa kwa sharti la kwenda Ulaya na Wild West. Walikwenda. Waliokuwa wakiomba wazungu watoweke wakaishia kuwachezea Waskoti.

Kilele cha biashara kilikuwa Chicago mwaka 1893. Maonyesho makubwa ya dunia yalimkatalia nafasi ndani, Cody akakodi kiwanja nje ya geti, na wageni wengi wakadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Mwaka huo alikuwa na wapanda farasi wa mataifa mengi, Wakozaki, Waarabu, Wamexico, chini ya jina la Rough Riders. Theodore Roosevelt alipopeleka kikosi Cuba mwaka 1898 kikajulikana kwa jina hilohilo. Huyo ndiye Roosevelt aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na bunduki zake. Mwezi Julai 1893, mji huohuo wa Chicago, mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisoma mada yake kwamba mpaka wa magharibi, yaani ukingo wa makazi ya walowezi, umekwisha na ndio uliolifanya taifa. Watu wachache walimsikiliza. Maelfu walikuwa kwa Cody, wakiutazama ukiisha mara mbili kwa siku.

Fedha alizipata, hakuzishika. Alisaidia kuanzisha mji wa Cody huko Wyoming, akachimba mifereji, akamwaga mtaji katika migodi ya Arizona iliyotoa vumbi. Mwaka 1904 alishtaki ili ampe Louisa, mke wake wa tangu 1866, talaka. Akashindwa mwaka uliofuata, na kesi ikamwaibisha nchi nzima. Alitangaza ziara za kuaga, akaaga, akarudi, akaaga tena. Mwaka 1913 mfanyabiashara wa Denver aliyemkopesha dola 20,000 akasababisha onyesho likamatwe, na vitu vikapigwa mnada.

Mwaka huohuo alitengeneza filamu. Alikwenda Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota, na kamera, askari wa kweli, Jenerali Miles mzee, na Walakota ambao baadhi yao walikuwepo siku ile, wakaigiza Wounded Knee palepale ilipotokea. Kwa muda mrefu sijaweza kuiondoa picha hiyo akilini: mtu anaanguka kwa ishara ya mpiga kamera, juu ya ardhi alipoanguka ndugu yake bila ishara ya mtu. Sehemu kubwa ya filamu hiyo imepotea.

Cody alifariki Denver tarehe 10 Januari 1917, nyumbani kwa dada yake. Alizikwa Juni juu ya mlima Lookout, Colorado. Watu wa mji wa Cody wakaja juu: wosia wake wa mwaka 1906 ulisema azikwe kwao, juu ya mlima Cedar. Denver wakajibu kwamba wosia wa baadaye ulimwachia Louisa kila kitu. Wyoming wapo wanaoapa kwamba mwili ulibadilishwa kwa siri na aliyelala Lookout ni mtu mwingine. Louisa alizikwa hapohapo mwaka 1921, na kaburi likamwagiwa zege. Mwaka 1948 wanajeshi wastaafu wa mji wa Cody wakatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeurudisha mwili, na wenzao wa Denver wakaweka walinzi kaburini.